Mistari Miwili

Chitanda wa kaka yangu alinirushia kwa blututhi
siku aliyopita akienda Masasi:
"Shangazi, chukua. Dunia nzima hii.
Ukishaipakua haili bando."
Ikala memori. Nikafuta picha za harusi
(haikuwa yangu) ipate pa kukaa.

Mimi karani wa mizani, chama cha msingi Nanjedya.
Msimu wa korosho, lori likichelewa,
tunalala ghalani na magunia: mimi, wapagazi,
na Nalinga mlinzi, ambaye halindi, anahoji.

"Tafuta nyangumi."
Nikasoma uzito wa moyo wake, kilo kwa kilo.
Nalinga akaitazama mizani:
"Magunia mawili na ushei."

"Tafuta Zohali."
Pete zake ni barafu.
Barafu! Sisi maji tunayashukia bondeni
hatua mia tisa, tunayapandisha kwa kichwa,
na huko juu yamekaa bure, yanazunguka.

"Tafuta korosho."
Asili yake Brazili, nikasoma,
ilivushwa bahari na Wareno.
Somoe akaacha kuchambua.
"Yaani mkorosho ni wa kuja?"
"Wa kuja."
"Basi kama babu yangu.
Alivuka Ruvuma na jembe moja na mke wa mtu,
na hapa akashika mizizi."

Tulipomaliza kucheka, Nalinga,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani:
"Tafuta sisi."

Sikujua kama tumo.
Tumo.
Nanjedya ni kata ya Wilaya ya Newala, Mkoa wa Mtwara.
Wakazi wake walihesabiwa elfu saba mia mbili na mmoja.
Nukta.
Nikausukuma ukurasa kwa kidole, ukagoma.
Nyangumi nilimsukuma mpaka kidole kikachoka.

"Huyo mmoja wa mwisho ni nani?" akauliza Somoe.
"Elfu saba mia mbili, na nani?"
Kila mtu akataja wake.
Mtoto wa Akimu, aliyezaliwa karani wa sensa akiwa mlangoni.
Yule fundi redio aliyekuja kwa wiki moja, hajaondoka.
"Mimi simo," akasema Somoe.
"Usiku ule nilikuwa Ndanda, nauguza.
Nilihesabiwa na wagonjwa."

Chini kabisa, kwa herufi ndogo,
wameandika kwamba makala yetu bado ni mbegu,
anayejua zaidi aongeze.
Mbegu!
Wamwambie nani? Mbegu ya kwetu
haijifichi ndani ya tunda, inaning'inia nje,
na bibo likishaoza
yenyewe ndiyo inayopandishwa mizani.

Nikagusa alama ya kalamu. Inataka mtandao.
Nikapanda magunia mpaka safu ya tisa,
ambako mtandao hupatikana ukipinda shingo,
nikaandika:
kwamba kisima cha shule kilichimbwa mara tatu
na mara zote tatu kikatoa mchanga;
kwamba ming'oko huchimbwa na wanawake
wakitukanana kwa upendo;
kwamba Bi Nantende alifundisha watu wazima kusoma
kwa kupanga maganda ya korosho, herufi kwa herufi,
na mafuta ya maganda yakawachuna vidole
kabla hawajafika P.

Ikaniuliza: chanzo?

"Wanataka chanzo!" nikapaza sauti kutoka juu.
Wakainua mikono, mmoja mmoja, kama siku ya mkutano.
Nalinga akainua yote miwili.
Somoe alinyoosha vidole tu,
makovu yake meusi hadi leo:
"Hivi hapa."

Bando likakata.
Maneno yamo simuni, hayajaenda, hayajafutika.

Lori lilifika saa kumi alfajiri. Tukapima.
Kila gunia natoa kilo moja,
uzito wa gunia lenyewe, ndiyo kanuni.
Nikiwa naandika namba, Nalinga akanisogelea sikioni.

"Elfu saba mia mbili na wawili," akanong'ona.
"Mtie Somoe."